Shemeji Amekaa Meza ya Kampuni

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye ngazi. Mimi, mke wangu na wagonjwa wenzake wa figo tulikuwa tunapanda kwenda ghorofa ya nne kusikilizwa malalamiko yetu. Lifti ilikuwa imekufa.

Wewe uliyeikuta hadithi yangu njiani, usihangaike, nitakupa kwa kifupi. Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Klachi, maana hilo ndilo neno ninalolipigia kelele kutwa nzima. Nilikata bima ya afya ya familia kwenye kampuni binafsi. Familia yenyewe ni mimi na mke wangu, basi. Nililipa ada miaka yote bila kukosa. Kisha figo za mke wangu zikafa.

Kampuni ilimlipia matibabu kwa muda. Siku moja tukafika hospitali, dada wa mapokezi akairudisha kadi mezani kwa ncha ya kidole, kama kitu kinachonuka. "Imefungwa." Sababu? Eti mke wangu alificha ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga.

Mtu wa figo asiposafishwa damu hafiki mbali. Hilo sihitaji kukueleza.

Aliyetushika mkono alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa afisa mkubwa kwenye Mamlaka, ile ofisi ya serikali inayosimamia makampuni ya bima. Nyumbani tulimwita Bwana Kanuni, kwa sababu hata ukimmiminia chai atakuuliza nani ameidhinisha sukari. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba serikali inabadilisha mfumo mzima wa afya, na kwamba kuna kanuni mpya inaandikwa: kampuni isiruhusiwe kumfukuza mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga.

"Kanuni peke yake haitembei," aliniambia. "Inataka kesi ya kuisukuma. Kesi hiyo ni yenu."

Nikapeleka malalamiko. Mamlaka ikatoa zuio: mpaka malalamiko yangu yaamuliwe, kampuni iendelee kumlipia mke wangu, pamoja na kila mgonjwa wa figo iliyemfungia kadi kwa sababu kama hiyo. Siku habari ilipofika, chumba kizima cha kusafishia damu kilipiga makofi. Wenye sindano mkononi walijipiga mapaja kwa mkono mmoja.

Sasa turudi kwenye ngazi za ofisi ya Mamlaka.

Mbele yangu alikuwa Bibi Redio. Jina hilo alipewa na manesi, maana akishaunganishwa na mashine hakuna kinachozimika, si yeye wala mashine. Alipanda vipandio viwili, akapumzika, akapanda vingine.

"Mwalimu," akasema akihema, "hii ofisi wameiweka huku juu makusudi. Anayefika akiwa hai, wanamwandika mzima."

Watu wakacheka. Kinyozi, mgonjwa mwingine wa chumba kile, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mke wangu hakucheka. Tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Nikadhani ni uchovu.

Ukumbi ulikuwa mrefu, na kiyoyozi chake kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Meza kubwa mbele ilikuwa ya Mamlaka. Meza ya kushoto ni yetu, ya kulia ni ya kampuni. Kila meza ilikuwa imepangwa chupa za maji, na sisi tulikuwa tumekuja na watu ambao daktari amewaambia wanywe maji kwa kijiko. Kinyozi aliigeuza chupa yake ikatazama ukutani.

Aliyeongoza kikao alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Nikamtafuta shemeji kwenye meza ile kubwa. Simwoni. Nikajiambia labda naye yuko kwenye ngazi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia wakili wa kampuni, mwanaume mwembamba, mpole wa sauti. Nyuma yake akaingia shemeji, amevaa suti ambayo sikuwahi kuiona.

Nikainua mkono kumsalimia. Akanipita. Akaipita meza ya Mamlaka. Akavuta kiti kwenye meza ya kampuni, akakaa.

"Kaka yako kakosea kiti," nilimnong'oneza mke wangu.

Akafungua mkoba wake, akaufunga tena.

Bibi Redio akanivuta shati. "Mwalimu, yule si shemeji yako?"

"Ndiye."

"Mbona kakaa na wale?"

Mwenyekiti naye alikuwa na swali hilohilo. Alivaa miwani yake polepole, akamtazama.

"Bwana, wewe si mpaka juzi ulikuwa ofisini kwetu?"

"Niliacha kazi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kwa sasa mimi ni mkurugenzi wa madai wa kampuni."

"Unafahamu kwamba mtu wa ofisi hii anatakiwa akae pembeni kwanza, ndipo aende kufanya kazi kwa wale aliokuwa anawasimamia?"

"Nafahamu. Lakini kanuni hiyo bado ni rasimu." Akarekebisha tai. "Niliiandika mimi."

Watu wa nyuma wakacheka.  Mimi nilihisi kama nimekaa pembeni ya mwanafunzi aliyefumba macho barabarani, na gari halina ile breki ya pili ya mwalimu.

Huyu mtu nilimfundisha mwenyewe kuendesha gari, bure, jioni baada ya kazi. Aligonga nguzo ya umeme nikasema nimegonga mimi. Leo ananipita kama mlango wa choo.

Wakili akasimama. Akasema kampuni ina shahidi kuhusu afya ya mke wa mlalamikaji tangu utotoni. Shahidi mwenyewe? Shemeji.

"Dada yako aliwahi kuugua figo kabla ya bima hii?"

"Ndiyo. Akiwa msichana mdogo. Alivimba uso na miguu. Alilazwa. Nilikuwa nakwenda kumpelekea nguo safi baada ya shule."

Nikamgeukia mke wangu. Hilo sikuwahi kulisikia. Yeye alikuwa anaangalia kucha zake.

Mwenyekiti akaingilia. "Mwenyewe alijua ugonjwa wake?"

"Alikuwa mdogo sana. Mama alituambia tusimtajie, asije akakua na hofu."

"Basi alifichaje kitu asichokijua?"

"Kampuni haisemi ana hila, Mwenyekiti. Inasema ugonjwa ulikuwepo."

Kisha akaanza kueleza, na ubaya ni kwamba alieleza vizuri. Sauti ile niliijua. Ni sauti aliyokuwa anaitumia sebuleni kwangu kunieleza upande wetu.

"Kampuni ikilazimishwa kumpokea kila aliyekwisha kuugua," akasema, "watu watakaa bila bima mpaka waugue. Wakiugua ndipo waje. Ada itapanda. Wazima wataona hakuna faida, wataondoka. Watabaki wagonjwa peke yao, na hakuna mtu wa kuwachangia. Kampuni itafunga, na hao wagonjwa mnaowatetea watakosa hata hicho kidogo."

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo maana mageuzi yanataka kila mtu aingie, mzima na mgonjwa," akasema. "Na makampuni yachangie mfuko mmoja, ili ile yenye wagonjwa wengi isaidiwe na ile yenye wachache. Asiwepo wa kuchagua wazima na kututupia serikali wagonjwa. Nakumbuka maelezo hayo. Nayo uliyaandika wewe?"

"Niliyaandika."

"Ulikuwa unayaamini?"

Shemeji akarekebisha tai tena.

"Nilikuwa mwajiriwa wenu, Mwenyekiti."

Sijui nilisimamaje. Ninachokumbuka ni kiti changu kikianguka na mimi nikipiga kelele, "Ulikula kwangu! Ulilala kwangu!" Kinyozi alinishika mkono kwa ule mkono wake usiochomwa sindano. Mwenyekiti akagonga meza, akasema tupumzike kidogo.

Nilimkuta shemeji kwenye korido, karibu na viti vibovu vilivyorundikwa. Alikuwa ananisubiri. Kumbe hata hasira yangu aliipangia mahali.

"Shemeji, tulia."

"Usiniite shemeji."

"Nisikilize kwanza. Baadaye unipige ukitaka."

"Umetuuza kwa bei gani?"

"Sikuwauza. Nimemnunulia dada yangu maisha."

Nikacheka. Kicheko kilitoka kibaya, hata mwenyewe kikanitisha.

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Wafanyakazi wa kampuni wana bima yao wenyewe. Ile haina maswali. Mfanyakazi wa cheo changu anamwandika mtegemezi amtakaye, mzazi, ndugu, yeyote. Hakuna anayeuliza uliugua nini utotoni. Umenielewa? Nimekubali kazi yao kwa ajili hiyo. Nimemwandika dada yangu."

 Yeye akaendelea.

"Wewe unadhani ile kanuni itapita lini? Nimekaa ofisi ile nikiona rasimu zinazeeka. Makampuni yana mawakili, yana marafiki bungeni, yana muda. Dada yangu hana muda."

"Ulituambia kesi yetu ndiyo itaisukuma."

"Nilitaka iwe hivyo. Haikuwa."

"Na kampuni inataka nini kwako? Hawakukuajiri kwa sura."

Akatazama viti vibovu. "Malalamiko yafutwe leo. Yakifutwa, kesho dada anapata kadi mpya. Yasipofutwa, hapati. Hawampi bima ya wafanyakazi mtu ambaye anagombana nao."

"Yakifutwa, zuio linakufa."

"Ndiyo."

"Na Bibi Redio? Kinyozi? Wale wote?"

Shemeji alipitisha mkono usoni. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona amechoka.

"Kila mtu ana ndugu zake," akasema.

"Twende tukamwambie dada yako maneno hayohayo. Wale watu amekaa nao, sindano kwa sindano. Hawezi kukubali."

"Ameshakubali."

"Muongo."

"Muulize. Yuko nyuma yako."

Nikageuka. Mke wangu alikuwa amesimama mwisho wa korido, mkoba kifuani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Shemeji akatuacha.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

"Ni kweli."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu alipokuja nyumbani, wewe ukiwa kazini."

"Tumepanda ngazi zote zile pamoja. Umeniacha niwabebee wenzako mikoba mpaka juu, unajua tunakwenda kuwafanya nini?"

Akaubana mkoba kifuani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia Bibi Redio kabla chai haijapoa."

Hilo sikuweza kulikataa. Nikajaribu njia nyingine. "Mke wangu, watu hawa walinifuata mimi. Wengine walikuwa wanataka kutafuta wakili wao, nikawaambia waache, kesi yetu inatosha."

"Najua ulichowaambia. Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye mashine." Sauti yake ikapanda. "Wewe unaingia mle chumbani na gazeti lako, unawachekesha, wanakuita Mwalimu, Mwalimu, unaondoka kwenda kazini. Mimi nabaki na sindano. Hujawahi kukaa kwenye kile kiti. Hujui usiku ninawaza nini."

"Ungeniambia unawaza nini."

"Nawaza kuishi! Si kushinda kesi. Kuishi tu. Kaka yangu amenielewa bila kumweleza. Wewe unataka nife nikiwa mfano mzuri."

Nilitaka kumwambia kwamba ananionea. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya hata kimoja. Karani akatoka kutuita ndani.

Tulipokaa tu, mke wangu akanyoosha mkono. Alipewa kipaza sauti, kikapiga mluzi, kikatulia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kufuta malalamiko."

Tone la kiyoyozi lilisikika likianguka kwenye ndoo. Sikugeuka nyuma. Sikutaka kuona sura za watu.

Mwenyekiti alimtazama kwa muda. "Kuna mtu amekutisha, mama?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuahidi kitu?"

Wakili akasimama, akasema kwa upole wake kwamba swali hilo halihusiani na kikao. Mwenyekiti akamwambia akae. Mke wangu akakilaza kipaza sauti mezani.

"Vizuri," akasema Mwenyekiti. "Lakini nikueleze jambo. Malalamiko haya hukuyaleta wewe. Mwenye bima ni mumeo, ndiye aliyesaini na ndiye aliyelalamika. Wewe umeandikwa kama mke wake, mtegemezi. Wa kuyafuta ni yeye peke yake." Akanigeukia. "Bwana, unayafuta?"

Wasomaji wangu, nimewahi kuwaeleza mambo mengi yaliyonikuta, na wengine mmeniandikia mkisema nina moyo mgumu. Siku ile sikuwa na moyo wowote. Nilisimama nikiwa mtupu.

Kulia kwangu, mke wangu ameinamisha kichwa. Ng'ambo, kwenye meza ya kampuni, shemeji ananitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi, hayakuniamuru. Nyuma yangu nikasikia watu wanajikohoza.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua.

"Futa, mwanangu," alisema Bibi Redio. "Ni mkeo. Sisi tutaona mbele ya safari."

Laiti angenitukana. Laiti angeniita mwizi, msaliti, mnafiki, ningefuta palepale na kwenda zangu nimekasirika. Lakini alisema kwa upole, kama mtu anayekuruhusu utangulie kwenye foleni.

Nikageuka. Kinyozi alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Hakutaka nimwone usoni.

"Siyafuti," nikasema.

Mke wangu akashtuka kama amechomwa.

"Mwenyekiti," nikaendelea, "mke wangu atibiwe popote patakapompokea. Nitashukuru. Lakini watu hawa walikuja nyuma yangu. Siwezi kushuka na wao ngazi zile nikiwa nimewafanyia hivyo. Malalamiko yabaki. Kama kampuni ina roho, impe kadi yake hivyohivyo."

Wakili hata hakusimama. "Kampuni haiwezi kumwingiza kwenye bima ya wafanyakazi mtu ambaye mume wake yuko kwenye mgogoro nayo."

Alisema "mume wake" kwa kuvuta kidogo. Wakati ule sikulitilia maanani. Nilimwona tu shemeji akimgeukia dada yake na kutikisa kichwa, kidogo sana, kama anayesema usifanye. Au kama anayesema sasa. Mpaka leo sijajua.

Mke wangu akachukua kipaza sauti.

"Mwenyekiti, huyu si mume wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwenyekiti naye alivua miwani.

"Umesemaje?"

"Huyu bwana si mume wangu. Tunaishi naye tu. Hatujafunga ndoa."

Alisema yote hayo akiangalia chupa ya maji iliyokuwa mbele yake. Machozi yalikuwa yanadondoka mezani na hakuyafuta.

Ngoja niwaeleze ndoa yetu ilivyokuwa, mnipimie wenyewe. Tulioana sebuleni kwa baba yake. Wazee wa pande zote mbili walikaa, walisema waliyosema, walinikabidhi binti yao nikampokea. Majirani walijaa mpaka barazani. Cheti cha serikali ndicho hatukuwahi kukifuata. Kila mwaka tulisema mwaka huu, mwaka unaisha, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa akinicheka, anasema cheti hakiwezi kukoroma pembeni yake usiku.

Wakili sasa alisimama, haraka kuliko nilivyomdhania.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kama huyu mama si mke wa mlalamikaji, basi hakuwa na haki ya kuandikwa kwenye bima ya familia yake. Malalamiko hayana miguu. Zuio nalo halina miguu. Na tena, bwana huyu ameidanganya kampuni akapata matibabu kwa mtu asiyestahili. Hilo ni kosa la jinai. Tunaomba asiondoke kwenye jengo hili kabla polisi hawajafika."

Nyuma yangu ukumbi ukalipuka. Bibi Redio alikuwa amesimama, anapiga fimbo yake sakafuni. "Muongo! Mkewe alituonyesha picha! Ya harusi! Ameivaa shela!" Mwenyekiti alilazimika kumwomba akae.

Kisha Mwenyekiti akamgeukia shemeji.

"Bwana mkurugenzi. Wewe ni kaka wa huyu mama. Kuna ndoa hapa?"

"Sijawahi kuona cheti, Mwenyekiti."

"Sikukuuliza cheti. Uliwahi kuhudhuria ndoa ya hawa watu wawili?"

Siku ya ndoa yangu, shemeji ndiye aliyepokea wageni mlangoni. Ndiye aliyecheza mpaka suruali ikapasuka, akamalizia shughuli amejifunga kitambaa cha meza kiunoni. Ndiye aliyenishika mabega jioni ile akaniambia, sasa wewe ni ndugu yangu, si mtu wa kuja.

Alitazama dari. Akatazama ndoo ya kiyoyozi. Akamtazama dada yake.

"Hapana," akasema. "Sikuwahi."

Hapo ndipo nilipokaa. Nilikuwa nimevumilia kampuni. Nilikuwa nimevumilia suti. Hata habari ya bima ya wafanyakazi, moyoni nilikuwa nimeanza kuielewa. Lakini lile neno moja lilinifutia nyumba nzima. Sebule ya baba mkwe, wazee, wageni barazani, vyote havikuwahi kuwepo.

"Bwana," Mwenyekiti akaniita. Sauti yake ilikuwa imelainika, na hilo lilinitisha zaidi. "Simama tafadhali. Fikiria kabla hujajibu, maana maneno yako yanaandikwa. Huyu mama ni mke wako, au si mke wako?"

Nikasimama tena.

Nikisema ni mke wangu, nimemfanya muongo mbele ya Mamlaka, na ile kadi ya kaka yake imepotea. Nikisema si mke wangu, nimejipeleka polisi kwa miguu yangu, na wale walio nyuma yangu kadi zao zinafungwa kabla hawajafika chini ya ngazi.

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Mlinzi wa jengo akaingia, akasimama pale pale mlangoni, mikono nyuma.

"Mwenyekiti," nikasema, "kabla sijajibu, naomba nimuulize yeye kitu kimoja."

"Muulize."

Nikamgeukia mke wangu. Nikamwita kama ninavyomwita tukiwa wawili, jina ambalo sitaliandika gazetini. Aliposikia, akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi tutazamane.

"Jioni hii," nikamuuliza, "unarudi nyumbani?"

Ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Mke wangu akafungua mdomo, na kabla ya kunijibu, akageuka kumtazama kaka yake.